Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila anayetembezwa ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa, huambiwa kwamba ilijengwa na Wareno. Ni kweli, ila mfalme aliyewatawala Wareno wakati huo hakuwa Mreno. Alikuwa Felipe wa Pili wa Hispania, wa ukoo wa Habsburg, na maswali juu yake hayaishi: alioa mara ngapi, alimuua mwanawe au hakumuua, fedha zote zile za Amerika zilikwenda wapi. Haya hapa ni yale yanayorudi zaidi. Mengine yana jibu refu, mengine la mstari mmoja, kadiri jambo lenyewe linavyostahili.

Felipe wa Pili alikuwa nani?

Alizaliwa Valladolid tarehe 21 Mei 1527. Baba yake alikuwa Carlos wa Tano, kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi na mfalme wa Hispania. Mama yake Isabel, binti wa mfalme wa Ureno. Carlos alichoka na utawala akiwa hai bado. Alikabidhi Uholanzi mwaka 1555 na Hispania mwaka 1556, akajitenga karibu na monasteri ya Yuste hadi alipofariki mwaka 1558. Ukaisari aliuacha kwa ndugu yake Ferdinand, na tangu hapo ukoo ukawa na matawi mawili, la Hispania na la Austria.

Felipe alitawala miaka 42. Chini yake zilikuwemo Hispania, Napoli, Sisilia, Milan, nchi zinazoitwa leo Uholanzi na Ubelgiji, Meksiko, Peru, Ufilipino, na baadaye Ureno pamoja na vituo vyake vyote, Brazil hadi Makau. Sehemu kubwa ya nchi hizo hakuwahi kuzitia machoni. Alizisoma kwenye karatasi tu.

Ukoo wa Habsburg ulianzia wapi?

Jina limetokana na ngome ndogo ya karne ya 11, kaskazini mwa Uswisi ya leo. Ukoo ulipanda ngazi mwaka 1273, Rudolf alipochaguliwa mfalme wa Wajerumani, kisha akaitwaa Austria. Vita walipigana kama wengine, lakini mali yao kubwa ilikuja kwa posa. Mwaka 1477 Maximilian alimwoa Maria wa Burgundy, na Uholanzi ikaingia nyumbani. Mwaka 1496 mwana wao alimwoa Juana, binti wa wafalme wa Hispania. Mtoto wa ndoa hiyo ndiye Carlos wa Tano, aliyerithi pande zote mbili.

Tabu ni kwamba kilicholetwa na bibi harusi huweza kuondoka na bibi harusi mwingine. Wakaanza kuoana wenyewe kwa wenyewe ili urithi usitoke nje.

Mbona vitabu vingine vinamwita Felipe wa Kwanza?

Hivyo ni vitabu vya Kireno. Ureno haikuwa imepata mfalme wa jina hilo kabla yake, kwa hiyo huko yeye ni wa Kwanza. Ukisoma historia ya pwani yetu ukakuta «Felipe wa Kwanza wa Ureno», ni huyu huyu.

Alioa wake wangapi?

Wanne, mmoja baada ya mwingine, na wote walitangulia kufa.

Wa kwanza alikuwa Maria Manuela wa Ureno, mwaka 1543. Walikuwa binamu kwa pande zote mbili: baba wa Felipe na mama wa Maria walizaliwa tumbo moja, na mama wa Felipe na baba wa Maria vilevile. Alifariki mwaka 1545, siku chache baada ya kujifungua.

Wa pili, mwaka 1554, alikuwa Mary Tudor, malkia wa Uingereza. Bibi alikuwa na miaka 38, bwana 27. Mary alikuwa binamu wa baba yake Felipe, na baba huyo huyo aliwahi kumchumbia Mary akiwa mtoto wa miaka sita. Kwa hiyo mchumba wa zamani wa baba akawa mke wa mwana.

Wa tatu, Isabel de Valois wa Ufaransa, alikuja na mkataba wa amani wa mwaka 1559. Harusi ya kwanza ilifungwa Paris, bwana harusi akiwakilishwa na mtu mwingine, na sherehe ikageuka msiba: baba wa bibi harusi, Mfalme Henri wa Pili, alichomwa na mkuki katika mchezo wa farasi akafa siku kadhaa baadaye. Huyu Isabel ndiye mke ambaye Felipe alionekana kumpenda waziwazi. Alimzalia mabinti wawili, Isabel Clara Eugenia na Catalina Micaela, akafariki mwaka 1568.

Wa nne, mwaka 1570, alikuwa Anna wa Austria. Mama yake Anna ni Maria, dada wa Felipe. Maana yake binti aliolewa na mjomba wake. Ruhusa ya Papa ilihitajika, ikapatikana. Wa watoto waliozaliwa, mmoja tu wa kiume alifika utu uzima, Felipe wa Tatu.

Ni kweli aliwahi kuwa mfalme wa Uingereza?

Ndiyo, kwa jina la ndoa, tangu 1554 hadi Mary alipofariki Novemba 1558. Sarafu za wakati huo zina sura zao wawili zikitazamana. Hawakupata mtoto, na mkataba wa ndoa haukumwachia kitu. Baadaye alimposa Elizabeth, mdogo wake Mary. Elizabeth alimzungusha, hakusema ndiyo, na miaka 30 baadaye wakakutana kwa mizinga.

Alimuua mwanawe Don Carlos?

Hapana ushahidi kwamba alimuua. Alimfungia ndani, na huko ndani kijana akafa. Hapo ndipo hadithi zote zilipoanzia.

Don Carlos alikuwa mtoto wa Maria Manuela. Mtu wa kawaida ana watu wanane katika kizazi cha wazazi wa babu na bibi zake. Don Carlos alikuwa nao wanne tu, na wawili kati ya hao wanne walikuwa dada. Alikua dhaifu wa mwili na mkali wa hasira. Mwaka 1562, huko Alcalá de Henares, alianguka ngazini akaumia kichwa vibaya, hata madaktari wakakata tamaa. Alipona, lakini baadaye vituko vilizidi: aliwatishia watumishi na mawaziri, akawa na mpango wa kutoroka nchi bila ruhusa ya baba.

Usiku wa tarehe 18 Januari 1568 Felipe mwenyewe aliingia chumbani kwa mwanawe, amevaa kofia ya chuma, na wakuu wa baraza nyuma yake. Silaha zikaondolewa, madirisha yakapigiliwa misumari. Hakumwona tena. Kijana akawa anagoma kula, kisha anakula kupita kiasi, na kujilaza juu ya barafu kwa sababu ya joto. Alifariki tarehe 24 Julai, umri miaka 23. Miezi michache baadaye Isabel de Valois naye akafariki, na maadui wa mfalme wakaviunganisha vifo viwili: ati mama wa kambo na mwana walipendana, na mzee akawaua wote. Watunzi wa tamthilia na opera waliipenda sana hadithi hiyo.

Kosa la Felipe, kwa maoni yangu, ni kunyamaza. Aliandika kwa Papa na kwa jamaa zake kwamba alikuwa na sababu, ila sababu zenyewe hakuzieleza kinaganaga. Mtu aliyeandika kila siku ya maisha yake alikosa maneno siku ile tu iliyoyahitaji.

Alikuwa mtu wa namna gani?

Mtu wa meza. Mwaka 1561 aliufanya Madrid kuwa makao ya serikali, na tangu hapo hakupenda kuzunguka kama baba yake. Barua, ripoti na malalamiko vilimjia kwa mafurushi. Alisoma yote, akaandika pembeni kwa mkono wake, akasahihisha hata tahajia za makarani. Waliompenda walimwita Mwenye Busara. Wasiompenda walimwona karani aliyevaa taji. Maofisa wake waliokuwa Italia walitaniana kwamba laiti mauti yangekuwa yanatumwa kutoka Hispania, wangeishi maisha marefu sana.

(Neno «meza» lenyewe tuliletewa na Wareno, raia wake, pamoja na leso, bendera, mvinyo na karata.)

Ukimsoma katika barua alizowaandikia binti zake wawili kutoka Lisbon, kati ya 1581 na 1583, unakutana na mtu mwingine kabisa. Anauliza habari za meno ya watoto, anasema anakosa sauti ya ndege wa usiku, anasimulia vituko vya mtumishi mmoja mzee wa kike aliyeitwa Magdalena. Huyo ni baba tu, ameikumbuka nyumba.

Escorial ni nini?

Ni jengo la mawe lililo chini ya milima kaskazini-magharibi ya Madrid, lililoanzwa 1563 na kukamilika 1584: kasri, monasteri, kanisa, maktaba na makaburi ya wafalme, vyote ndani ya ukuta mmoja. Liliwekwa wakfu kwa Mtakatifu Laurenti, kwa kuwa jeshi la Felipe liliwashinda Wafaransa huko Saint-Quentin siku ya sikukuu yake, tarehe 10 Agosti 1557. Humo alikusanya masalia ya watakatifu zaidi ya 7,000, pamoja na picha za Titian na za Hieronymus Bosch zenye majini na matunda makubwa kuliko watu. Ni ajabu kwamba mtu mkavu vile alizipenda picha hizo.

Ureno iliingiaje mikononi mwake?

Kwa msiba wa jirani. Tarehe 4 Agosti 1578 mfalme kijana wa Ureno, Sebastião, aliuawa vitani Moroko, karibu na Ksar el-Kebir, bila kuacha mtoto. Kiti kilichukuliwa na mzee wa familia, Kardinali Henrique, naye akafariki Januari 1580. Felipe, mtoto wa binti wa kifalme wa Ureno, alidai haki yake kwa damu, na kwa kuwa wengine nao walidai, akatanguliza jeshi. Mwezi Aprili 1581 baraza la Wareno huko Tomar lilimkubali. Aliahidi kwamba vyeo vya Ureno na vya makoloni yake vitabaki kwa Wareno, na ndiyo sababu pwani ya Afrika Mashariki hatukuona Wahispania.

Mombasa inahusianaje naye?

Tangu 1498 Malindi ilikuwa rafiki wa Wareno, na Mombasa mpinzani wao. Mji wa Mombasa ulikuwa umeshachomwa mwaka 1505 na kuvamiwa tena mwaka 1528, lakini haukuinama. Katika miaka ya 1580 alitokea kutoka Bahari ya Shamu nahodha wa Kituruki, Amir Ali Bey, na miji mingi ya pwani ikampokea kama mkombozi. Aliporudi mara ya pili aliweka mizinga Mombasa.

Mwaka 1589 zilifika merikebu za Wareno kutoka Goa, kituo chao huko India, chini ya Tomé de Sousa Coutinho. Wakati huohuo, upande wa bara, walikuwa wamefika Wazimba, jeshi lililopanda kutoka Zambezi. Mji ukabanwa baharini na nchi kavu. Wazimba walivuka Makupa na kuua ovyo, watu wakawa wanajitosa majini kuelekea kwenye mashua za adui wa kwanza ili kumkimbia wa pili. Ali Bey naye alikamatwa, akapelekwa Lisbon. Wazimba waliposonga mbele hadi Malindi walishindwa na wenyeji wakisaidiwa na Wasegeju. Baada ya hapo mtawala wa Malindi aliwekwa Mombasa, na Wareno wakahamishia makao yao huko.

Kwa amri ya Felipe, tarehe 11 Aprili 1593 uliwekwa msingi wa Ngome ya Yesu. Ramani ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milan, mji ambao nao ulikuwa chini ya Felipe. Hebu fikiria: mfalme yuko Hispania, mchoraji ni Mwitalia, wakuu wa kazi ni Wareno wa Goa, na mawe ni matumbawe ya Mombasa.

Na amri ilifikaje? Merikebu ziliondoka Lisbon mwezi Machi au Aprili, zikalizunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikapanda na kusi hadi Goa kiasi cha Septemba. Jibu lilisubiri kaskazi ya Desemba na Januari. Ukiuliza swali mwaka huu, ukipata jibu mwaka ujao una bahati. Mabaharia wetu walizijua pepo hizo karne nyingi kabla. Mfalme wa meza alilazimika kuzitii tu.

Baadaye watu wa pwani waliiita ngome hiyo Gereza, kutokana na neno la Kireno *igreja*, yaani kanisa. Waingereza walipoifanya jela kati ya 1895 na 1958, jina na kazi vikakutana.

Kwa nini Waholanzi walimwasi?

Kodi, dini, na mfalme asiyefika. Mwaka 1566 Waprotestanti walivunja sanamu makanisani. Felipe akamtuma Mtawala wa Alba na jeshi, na mwaka 1568 vichwa vya Egmont na Horn, wakuu wa nchi waliokuwa Wakatoliki kama yeye, vikakatwa Brussels. Aliyebaki kuongoza ni Willem wa Orange. Felipe alitangaza zawadi kwa atakayemuua, na mwaka 1584, huko Delft, akatokea wa kuifanya kazi hiyo. Vita havikuisha, viliendelea hadi 1648, miaka 50 baada ya mfalme mwenyewe kuzikwa.

Armada ilishindwa kwa dhoruba tu?

Dhoruba ilimalizia. Mwaka 1588 merikebu zipatazo 130, ndizo hizo Armada, ziliondoka Lisbon kwenda kuivamia Uingereza. Kamanda mzoefu, Santa Cruz, alikuwa amefariki Februari. Felipe akamteua Mtawala wa Medina Sidonia, ambaye aliandika kwamba hajui bahari wala vita na akipanda chombo hutapika. Hakusikilizwa.

Mpango ulisema kundi hili likutane na jeshi la Mtawala wa Parma, kamanda wa Felipe, lililokuwa Uholanzi, kisha livushe askari. Likutane wapi, katika bandari gani yenye kina, mpango haukusema. Karibu na Calais Waingereza wakatuma usiku merikebu zinazowaka moto, Wahispania wakakata nanga na kutawanyika, na kesho yake, tarehe 8 Agosti, wakapigwa Gravelines. Walirudi kwa kuzizunguka Scotland na Ireland, na huko ndiko upepo ulikovunja makumi ya vyombo. Alituma makundi mengine mwaka 1596 na 1597. Nayo yakatawanywa na bahari.

Fedha za Amerika zilikwenda wapi?

Zilikwenda kwa wenye kumdai. Mlima wa Potosí, katika Bolivia ya leo, uligunduliwa mwaka 1545, na moja ya tano ya fedha ilikuwa haki ya mfalme. Lakini vita viliwahi kuila kabla haijashuka melini: alikopa kwa mabenki ya Genoa akiweka rehani shehena ya mwaka ujao. Aliacha kulipa madeni mwaka 1557, tena 1575, tena 1596. Baada ya mara ile ya pili askari wake Uholanzi walikosa mshahara, wakaasi, na Novemba 1576 wakaiteka nyara Antwerp na kuua maelfu ya watu. Mji ule ulikuwa tajiri kuliko yote katika nchi zake za kaskazini.

Aliwafanyia nini Waislamu wa Hispania?

Granada ilianguka mwaka 1492, na wazao wa Waislamu walibatizwa kwa nguvu, wakaitwa Wamorisko. Mwaka 1567 Felipe aliwapiga marufuku kusema Kiarabu, kuvaa mavazi yao na kutumia hamamu. Mkesha wa Krismasi 1568 wakaasi milimani Alpujarras. Ndugu yake wa kambo, Don Juan de Austria, aliwazima, na makumi ya maelfu wakahamishwa Granada na kutawanywa Castile. Don Juan huyo ndiye aliyewashinda Waturuki kule Lepanto tarehe 7 Oktoba 1571. Kuwafukuza Wamorisko nchini kabisa kulifanywa na mwana wa Felipe, Felipe wa Tatu, kuanzia 1609.

Ufilipino imeitwa kwa jina lake?

Ndiyo. Alipewa heshima hiyo akiwa bado mwana wa mfalme.

Ukoo wake ungalipo kwenye kiti cha Hispania?

Kwa jina, la. Ndoa za ndugu ziliendelea hadi kwa kitukuu wake, Carlos wa Pili, aliyezaliwa mgonjwa, mwenye taya iliyotokeza hata kutafuna kukamtesa, akafa mwaka 1700 bila mtoto. Mwaka 2009 watafiti wa jenetiki wa Hispania walikokotoa kwamba ukaribu wa damu wa wazazi wake ulifika 0.254, kiwango cha mtoto wa kaka na dada. Baada yake walikuja Bourbon, na mfalme wa sasa, Felipe wa Sita, ni wao. Ila damu ya Felipe wa Pili anayo, kupitia binti wa mjukuu wake aliyeolewa na Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa.

Alikufaje, na amezikwa wapi?

Jongo lilimtesa miaka mingi hata mkono wa kuandikia ukakataa. Mwishoni mwa Juni 1598 alibebwa kwenye kiti kutoka Madrid hadi Escorial, taratibu, kila mtikisiko ukimuumiza. Alilala kitandani siku 53 na vidonda, mwili usioguswa wala kugeuzwa. Chumba chake kilikuwa na dirisha la ndani lililomwezesha kuona altare ya kanisa akiwa amelala. Alishika msalaba ambao baba yake aliufia nao.

Alizikwa humo humo Escorial, na jeneza alikuwa ameshaliagiza. Lilitengenezwa kwa mbao za merikebu kuukuu ya Wareno, *Cinco Chagas*, iliyotumika miaka mingi katika safari za Goa kabla ya kuachwa ioze bandarini Lisbon.